Bi. M. wa 1796: naombeni msaada kufuata nasaba ya wanangu hadi kwa walowezi wa Kiingereza wa Massachusetts

mkwe_wa_Pangani (Worcester, Massachusetts)

Ndugu zangu salaam, na wakubwa wangu wote shikamooni.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, nimeolewa huku Massachusetts mwaka wa 14 sasa. Mavyaa wangu alifariki mwezi wa pili. Miezi yake ya mwisho nilimuuguza mimi, na siku moja akaniita, akanikabidhi sanduku la mbao. Akasema nisimpe mwanawe, maana atalipeleka darini na kulisahau. Ndani mna hati za nyumba, picha za watu waliosimama wima bila kucheka, na Biblia moja nzito ambayo mgongo wake umeshikizwa kwa kitambaa. Katikati ya Biblia hiyo, pale Agano la Kale linapokwisha na Mathayo hajaanza, kuna kurasa nne zenye mistari ya kuandikia ndoa, vizazi na vifo vya familia. Zimejaa.

Nyumbani bibi yangu mzaa baba, Mzigua, alikuwa akitukalisha mkekani baada ya chakula cha usiku, kila mtoto ataje: fulani binti fulani, bin fulani, bin fulani, mpaka saba. Ukikwama unaanza upya. Wanangu, mmoja ana miaka 11 na mwingine 8, upande wangu wanataja saba bila kukwama. Upande wa baba yao wanafika kwa babu wa bibi yao, basi. Siwezi kukubali hilo na sanduku ninalo mimi.

Uzi ninaoufuata ni huu. Mume wangu kazaliwa 1978, mama yake 1948, baba wa mama yake 1915, baba wa huyo 1884, juu yake 1856, juu yake tena 1824. Huyo wa 1824 mama yake ndiye ninayemwita Bi. M. Majina kamili siyaweki kwa sababu wakwe zangu wengi wapo hai na sijawaomba ruhusa. Kwa hesabu ya kwetu, mavyaa alikuwa kilembwekeza wa Bi. M. Biblia inasema Bi. M. alizaliwa tarehe 3 Machi 1796, akaolewa Vermont 1819, akafa 1871. Baba yake nani, mama yake nani, ametokea wapi, hakuna neno hata moja.

Sasa mavyaa, kila Sikukuu ya Shukrani, tukishamaliza kula, aliwasimulia wanangu kwamba ukoo wao unatoka kwa John Howland, yule kijana aliyekuja na meli ya Mayflower mwaka 1620 akiwa mtumishi wa John Carver, akachotwa na wimbi katikati ya dhoruba, akaikamata kamba iliyokuwa ikining'inia baharini, wakamvuta kwa upondo hadi akarudi melini. Akaishi mpaka akapita miaka 80, akazaa watoto 10 na Elizabeth Tilley, binti aliyefiwa na baba na mama katika majira yale ya baridi ya kwanza, ambamo karibu nusu ya abiria 102 walikufa. Mwanangu mkubwa hadithi hii anaipenda mno. Na mavyaa alisema njia inapitia kwa Bi. M.

Nimelipia kampuni moja ya intaneti miezi minane. Nimekuta miti ya ukoo 37 inayomtaja Bi. M., na mingi inampeleka kwa Howland. Lakini ukiitazama kwa makini, mama anayepewa Bi. M. humo alizaliwa 1788. Yaani alimzaa akiwa na miaka minane! Mmoja alikosea, 36 wakanakili.

Nianzie wapi?

Mzee_wa_Lowell

Marahaba binti yangu, na pole sana kwa kufiwa. Kumuuguza mavyaa hadi dakika ya mwisho ni jambo kubwa.

Mimi ni Mkenya, niko Lowell tangu 1989. Nimestaafu, na kila Jumanne najitolea maktaba katika chumba cha kumbukumbu za mji. Waulizaji wengi tunaowapokea wana swali kama lako, na karibu wote wanaanza kwa Mayflower wakishuka. Wewe umeanza kwa mume wako ukapanda, na hiyo ndiyo njia. Endelea hivyo hivyo. Howland mwache kwanza akae huko baharini na kamba yake.

Kazi ya kwanza iko mezani kwako. Fungua ukurasa wa mbele wa hiyo Biblia uone ilichapwa mwaka gani. Kisha chukua kioo cha kukuzia, utazame wino na mwandiko. Kama ilichapwa, tuseme, 1850, na vizazi vya 1796 vimo kwa mwandiko uleule na wino uleule wa 1850, basi aliyeandika aliandika kwa kumbukumbu au kwa kunakili mahali pengine. Si uongo, ila uzito wake si sawa na wa mtu aliyeandika mtoto akiwa bado anafukizwa.

La pili: Bi. M. alifia wapi? Usiseme Vermont kwa sababu aliolewa Vermont. Wajane wa zamani hizo walizeekea kwa watoto wao. Ukikuta alifia Massachusetts, una bahati, maana jimbo hili limesajili vizazi, ndoa na vifo tangu 1841, na kufikia miaka hiyo ya 1870 daftari la vifo lina safu ya majina ya wazazi wa marehemu na mahali walikozaliwa. Vitabu hivyo vimepigwa picha na vinaonekana bure kwenye tovuti ya FamilySearch. Vermont usajili wa jimbo zima umeanza 1857, na huko nyuma kila mji ulijiandikia ulivyoweza. Hati za ardhi za Vermont nazo ziko kwa karani wa mji, si wa kaunti kama huku, kwa hiyo lazima uujue mji.

Sensa itakusaidia kidogo. Ya kwanza ni 1790, lakini hadi 1840 inamtaja mwenye nyumba peke yake. Bi. M. humo ni alama ndani ya safu ya wanawake wa umri fulani. Jina lake utaliona kuanzia 1850.

Na hiyo miti 37, ifunge. Ina watu wengi, ila shahidi ni mmoja.

Ubungo_Maji

Dada, pole kwa msiba. Naomba niulize, na naomba usinielewe vibaya. Hao watu wa 1620 walijenga Plymouth juu ya kijiji cha Patuxet, ambacho wenyewe Wawampanoag, wenyeji wa asili wa nchi ile, walikuwa wamemalizwa na maradhi yaliyoletwa na meli za Wazungu miaka michache kabla. Ousamequin, mkuu wa Wawampanoag, akafanya nao mapatano 1621, akawatendea wema. Miaka 54 baadaye mwanawe Metacom anapigana vita na watoto wa walewale, anauawa, na mateka wa watu wake wanauzwa utumwani visiwa vya Karibi. Kwetu sisi mlowezi ni neno tunalolijua. Kwa nini utumie usiku wako kuwatafutia watoto wako ufahari wa kutokana na hao?

mkwe_wa_Pangani

Kaka, sijakuelewa vibaya, na nimelala na swali lako siku mbili. Sitafuti ufahari. Bibi yangu alipotutajisha hakuwa akichagua. Kwenye ile saba yetu yuko mmoja ambaye ukoo mzima unajua alikuwa akiwashusha watu kutoka bara kuwaleta kwenye majahazi pale mtoni Pangani, na bibi alimtaja kwa sauti ileile aliyowatajia wengine. Alisema ukimruka, wa juu yake unampoteza. Wanangu damu ya hao walowezi wanayo tayari, nitafute nisitafute. Ninachotaka ni wajue wanasimama wapi. Na wewe unayoyasema wanatakiwa wayajue pia, kwa hiyo ahsante.

Mzee wangu, kazi nimefanya. Biblia imechapwa 1852. Kila kitu kabla ya 1852 kimeandikwa na mkono mmoja, wino mmoja wa kahawia, herufi zimelala upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo. Kuanzia 1856 mikono inabadilika. Kwa hiyo ni kama ulivyosema.

Kifo chake sikukipata Vermont. Nimekipata Fitchburg, si mbali sana, kaskazini ya hapa ninapokaa! Alikuwa kwa mwanawe yule wa 1824. Daftari la jimbo, tarehe 14 Julai 1871, mjane, umri miaka 75, miezi 4, siku 11, maradhi ni homa ya mapafu. Nimetoa hesabu, inaangukia tarehe 3 Machi 1796 sawasawa. Nililia, nasema kweli. Safu ya wazazi imejazwa: jina la baba lipo na ukoo wake, mama jina moja tu. Kuzaliwa, Templeton, Massachusetts.

Ukoo huo si Howland, wala si katika majina ninayoyaona kwenye ile miti.

Tatizo sasa. Templeton yenyewe vizazi vyake vya kabla ya 1850 vimechapwa kitabu, nimekitazama. Bi. M. hayumo. Na wanaume wenye jina lile la baba yake wapo wawili, mji mmoja, miaka ileile, mmoja ameandikwa "mdogo".

daktari_wa_sampuli (Dar)

Samahani kuingia kati. Nafanya kazi maabara, na nimeona watu watakwambia pima vinasaba. Pima ukitaka, lakini ujue inakupa nini. Mtu wa 1620 yuko kama vizazi 11 au 12 juu ya wanao. Ngazi ya 12 ina nafasi 4,096 za mababu na mabibi, na vinasaba vya wengi wao havikufika kwa mwanao hata chembe moja, japo ni mababu zake wa kweli. Kromosomu Y inapita kwa baba kwenda kwa mwana, na uzi wako unapita kwa mavyaa, kwa hiyo mumeo hana Y ya ukoo huo. Ile ya mitokondria inapita kwa mama, na kati ya Bi. M. na mavyaa kuna wanaume wanne mfululizo, kwa hiyo nayo imekatika. Kitakachokufaa ni binamu wa mbali wanaotokea kwenye orodha. Ukiona kadhaa wanatoka kwa ndugu za Bi. M., hiyo ni dalili nzuri. Karatasi bado zinahitajika.

Mzee_wa_Lowell

Kijana kasema vema.

Binti yangu, wapo wengi waliopotea hapo kwenye "mdogo". Zama zile mkubwa na mdogo wa jina moja hawakuwa lazima baba na mwana. Ilikuwa njia ya mji kuwatofautisha watu wawili tu, wanaweza kuwa ami na mpwa, au wasihusiane kabisa. Na mkubwa akifa, mdogo anakuwa mkubwa, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuandikwa hivi 1795 na vile 1810. Maneno ya undugu nayo yalikuwa yanatanuka: "mama mkwe" katika hati za karne ya 17 na 18 mara nyingi ni mama wa kambo. Soma taratibu.

Kitakachowatenganisha ni mirathi. Templeton iko kaunti ya Worcester, na kaunti hiyo ina mafaili ya mirathi tangu ilipoundwa 1731. Unakaa mlangoni. Tafuta wote wawili, soma kila karatasi hata risiti ya fundi jeneza. Mwanamke aliyeolewa Vermont hatatajwa kwa jina la baba yake, atatajwa kwa la mume, kwa hiyo tafuta jina la mume wa Bi. M.

Nikuongezee moja kuhusu Templeton, na hili ni la yule kijana wa Ubungo pia. Kabla ya kuitwa Templeton mwaka 1762, mahali pale paliitwa Narragansett Namba 6. Miaka ya 1730 serikali ya koloni iligawa miji saba kwa askari waliopigana na Wanarragansett, kabila jingine la wenyeji, katika vita vile vya Metacom, au kwa warithi wao, maana askari wengi walikuwa wamekwisha kufa. Mashuhuri ni shambulio la tarehe 19 Desemba 1675, kwenye ngome iliyokuwa kinamasini huko Rhode Island. Waliichoma na wanawake na watoto wakiwa ndani. Malipo ya vita hiyo, miaka 60 baadaye, yakawa ardhi kama hiyo ya Templeton, ambayo ni nchi ya Wanipmuc, wenyeji wengine. Kwa hiyo ukikuta ukoo wa mumeo Templeton, uliza walifikaje. Majina ya waliogawiwa yameandikwa pamoja na haki ya nani waliyokuwa wakiidai.

mkwe_wa_Pangani

Wiki tano zimepita, naomba radhi kwa kimya. Ninafanya kazi ya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo haya nayasoma asubuhi nikishawapeleka watoto shule.

Mafaili ya wale wawili nimeyapata. La kwanza halina kitu, mtu alikufa na madeni. La pili lina wasia wa 1829. Naunukuu kwa Kiswahili changu, mstari wenyewe unasema: namwachia binti yangu, kisha jina la Bi. M., mke wa fulani wa Vermont, dola tano na kitanda kimoja cha manyoya, mbali na alichokwishapewa alipoolewa. Jina la mume ni lilelile la kwenye Biblia.

Kitanda cha manyoya. Nimemsomea mume wangu jikoni, akaniomba nisome tena.

Kutoka hapo njia imefunguka kuliko nilivyotegemea. Baba wa Bi. M. alizaliwa kama 1768. Baba yake yeye alihamia Templeton kutoka Marlborough miaka ya 1760, na amehamia kwa sababu babu yake, Mzee, alikuwa ni kama ulivyosema: askari wa 1675. Haki ya yule askari ndiyo ilioandikwa kwenye orodha ya Narragansett Namba 6. Mwanangu mkubwa nimemweleza. Aliniuliza kama watoto waliokuwa ndani ya ngome walikuwa na umri kama wake. Nikamjibu ndiyo.

Baba wa askari ndiye aliyevuka bahari. Alifika 1635, akakaa Watertown, kisha Sudbury. Nimekwenda Boston, mtaa wa Newbury, kwenye jumuiya ile ya nasaba ya New England iliyoanzishwa 1845, nikaonyeshwa vitabu vya Robert Charles Anderson, ambavyo vimewachambua waliofika kati ya 1620 na 1635 mmoja baada ya mwingine. Yumo. Kurasa tatu: kiwanja, ng'ombe, kanisa, watoto kwa tarehe zao. Kutoka kwake hadi wanangu ni vizazi 13 ukiwahesabu na wao wenyewe.

Kwa hiyo Howland hayumo, angalau si kwa Bi. M. Jambo hili limenisumbua zaidi ya nilivyodhani. Mavyaa aliamini kwa moyo wake wote. Nimeweka jina la Howland pembeni ya mti kwa penseli, maana Bi. M. alikuwa na mume, na mume huyo wazazi wake bado sijawagusa.

Lakini lililonileta leo ni jingine. Kati ya yule wa Templeton na askari kuna mtu mmoja wa Marlborough aliyefariki 1754. Nimesoma orodha ya mali yake, mafaili ya mirathi ya kaunti ya Middlesex. Watu watatu wa mji walipita nyumba nzima chumba kwa chumba wakaandika kila kitu. Bunduki ya zamani. Sufuria mbili za shaba. Gurudumu la kusokotea. Halafu, baada ya jozi ya maksai na kabla ya kitanda, mstari huu: msichana mweusi. Hana jina. Bei yake imepangwa kwenye safu ileile ya bei za ng'ombe.

Nimezaliwa Pangani, nimecheza utotoni karibu na majengo ambayo kila mtoto wa pale anajua yalikuwa ya nini. Sikutegemea kuvikuta vitu hivi ndani ya sanduku la mavyaa. Msichana huyu alikuwa ndani ya nyumba hiyo. Labda ndiye aliyembeba mgongoni yule mtoto ambaye baadaye alihamia Templeton. Wanangu nitawatajia nani nikimruka?

Kuna njia ya kumpata jina?

Bi_Colchester

Mwenzangu, nimekusoma nikiwa na kikombe cha chai na kimepoa. Kuhusu msichana sina ujuzi, nawaachia wa huko.

Lakini kwa kuwa umefika 1635, nakuwahi kabla hujavuka bahari. Mie niko Essex mwaka wa 20 huu, na watu wa Watertown wengi walitoka huku kwetu na Suffolk. Makanisa ya Uingereza yaliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko tangu 1538, na madaftari ya Essex yako Chelmsford. Utatafuta jina lake, na utamkuta. Tatizo utamkuta mara nne, parokia nne, miaka inayokaribiana. Usimchague aliye karibu na moyo wako. Jina moja na umri unaofaa si ushahidi. Unachotaka ni karatasi inayotaja pande zote mbili za bahari, mathalani wasia wa mjomba anayemwachia kitu mpwa wake aliyeko New England. Wasia wa wenye mali wa kusini ulithibitishwa kwenye mahakama ya Canterbury na leo uko Kew, London.

Na tarehe, shoga, tahadhari. Mpaka 1752 mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi. Ubatizo wa Februari 1609 kwenye daftari ni wa 1610 kwetu. Ndiyo maana utaona wameandika 1609/10. Watu wamekosea umri wa mtu kwa mwaka mzima kwa kutojua hilo.

Mzee_wa_Lowell

Binti yangu, nimekaa na mstari huo siku nzima.

Njia ipo, si ya uhakika. Kwanza, angalia faili lote, si orodha peke yake. Mgawanyo wa mali kati ya mjane na watoto huandikwa karatasi nyingine, na hapo mara nyingine jina hutajwa kwa sababu lazima ieleweke nani amempata. Pili, kanisa. Makanisa ya Kikongregesheni yaliwabatiza watumwa na mara nyingine yakawapokea ushirika, wakiandikwa mtumishi wa fulani. Neno hilo mtumishi limeficha watu wengi, kwa hiyo ukiliona, simama. Maktaba ya Kikongregesheni pale Boston, mtaa wa Beacon, imepiga picha madaftari mengi ya makanisa ya kabla ya uhuru na kuyaweka wazi mtandaoni. Tatu, nia za ndoa. Hata za watumwa zilitangazwa, na karani aliziandika.

Ujue pia kwamba kama alikuwa msichana 1754, upo uwezekano alikuwa hai utumwa ulipokufa Massachusetts. Kesi ya Quock Walker, mtumwa aliyedai uhuru wake, iliamuliwa hapohapo Worcester, 1783, Jaji William Cushing akiwaeleza wazee wa baraza kwamba utumwa haupatani na katiba ya jimbo ya 1780. Sensa ya 1790 haikuandika mtumwa hata mmoja katika jimbo lote. Kwa hiyo mtafute pia kama mwanamke huru, mtu mzima, pengine mwenye jina la ukoo la yule bwana wake. Wengi walilichukua au walipachikwa. Usishangae ukikuta wapo watu weusi wenye jina la ukoo wa mavyaa wako.

mkwe_wa_Pangani

Ahsante Mzee, ahsanteni wote. Bi_Colchester, bahari nitaivuka mwakani panapo majaliwa.

Karatasi ya mgawanyo ipo, nimeiona leo. Msichana alipewa mjane, na bado hajatajwa jina. Mjane aliishi hadi 1771, kwa hiyo msichana huyo, kama alikuwa hai, alikuwa naye miaka 17 mingine.

Daftari la kanisa la mji limo kwenye zile picha za maktaba. Mwandiko wa mchungaji ni mdogo sana, wino umevuka kutoka upande wa pili wa karatasi, na herufi ya s anaiandika kama f. Ubatizo ameuchanganya na michango ya kuni. Mwanangu mkubwa anakaa nami asubuhi za Jumamosi, macho yake ni makali kuliko yangu, yeye anasoma kwa sauti na mimi naandika. Tumeanzia 1740. Tumefika ukurasa wa 11, na mpaka sasa tumekuta watumishi watatu wenye majina, wote wanaume, wote wa nyumba nyingine. Nimewaandika.